Ugonjwa Niliompa Baba Mdogo

Niliwahi kumwambia mwanamke nisiyemjua, pale kisimani kwetu Bukiriro, kwamba baba yangu mdogo anaumwa kichwa, na kwamba ugonjwa huo ni wa ukoo. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anapiga hesabu. Nilikuwa na miaka tisa, sketi ya shule imeshikiliwa na pini, na nilidhani ninamwokoa. Nalisema mapema ili usije ukaanza kunionea huruma huko mbele kabla hujajua unamwonea huruma nani.

Kilichonikumbusha ni harufu. Juzi kina mama wenye watoto wa chekechea hapa kigangoni walikuwa wanalalamika kwamba watoto hawana ubao. Mimi, ambaye sijawahi kuitwa popote kwa ajili ya ujuzi, nikajitia fundi. Nikawaambia ubao unatengenezwa kwa betri mbovu za redio. Unazipasua kwa jiwe, unatoa ule unga mweusi, unautwanga pamoja na majani ya maboga mpaka upate uji mzito, kisha unaupaka ukutani kwa kipande cha gunia. Ukikauka, unapaka tena. Kina mama wakaleta betri, tukatwanga. Ile harufu ikapanda, ya chuma kilicholowa, ya chumvi, ya majani mabichi. Nikakaa chini kwenye majani ya watu. Mama mmoja akaniuliza kama nina presha. Nikamwambia ndiyo, ninayo, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Sina presha. Unaona? Mpaka leo nagawa magonjwa.

Baba mdogo Fulgensi ndiye mtoto wa mwisho wa bibi. Wakati nazaliwa alishapotea kwenye shule za mbali, na kilichokuwa kinatufikia ni picha zake tu, amevaa koti zito, amesimama kwenye theluji, anacheka kama mtu aliyedanganywa. Nyumbani tulijua kwamba anasomea fizikia. Baadaye tukaambiwa ameshamaliza kuisomea, sasa ndiyo kazi yake. Bibi alipoulizwa na wenzake kanisani ni kazi ya namna gani, alijibu, "Ya kichwa," na hapo mazungumzo yaliisha, kwa sababu hakuna aliyejua swali linalofuata.

Kisha mwaka mmoja akaja kukaa. Bibi alikuwa ameanguka kwenye utelezi akaumia nyonga, na baba mdogo akasema kazi yake haina mahali, anaweza kuifanya popote penye ukimya na kitu cha kuandikia. Alikuja na begi moja la nguo na mawili ya karatasi. Karatasi hazikumtosha. Si kwamba ziliisha, hapana. Alisema karatasi ni ndogo; hesabu yake moja inakatika vipande kumi na mbili, na mtu akigeuza ukurasa anakuwa ameshasahau alikotoka. Alitaka aione yote kwa pamoja, kama mtu anavyosimama juu ya kilima akaona shamba lote. Basi tukamtengenezea ukuta. Sisi watoto tulizunguka kijiji kizima kuomba betri mbovu, tukatwanga kwa siku mbili, mikono ikawa myeusi mpaka kwenye viwiko, na chumba chake kikawa na ukuta mmoja mweusi kuanzia sakafuni hadi dari. Usiku ule nililala na ile harufu kwenye kucha. Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile tena, na mimi nimezaa watoto wawili.

Shida ilianza pale alipoanza kuutumia.

Kwetu kazi ina udongo. Mtu akitoka asubuhi na jembe, akirudi mchana na matope magotini, hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Baba mdogo aliamka kabla ya jogoo, akasimama mbele ya ukuta, akaandika mstari, akautazama. Angeweza kuutazama mpaka jua likafika katikati. Kisha angeufuta. Akichoka alitoka nje, akazunguka migomba ya bibi, mikono nyuma, mara anasimama ghafla kama aliyekanyaga siafu, anacheka peke yake, anarudi ndani mbio. Siku nyingine alipanda kule juu kwenye mnara wa msalaba, ambako ndiko simu ilikuwa inapata mtandao, akapiga kelele kwa Kiingereza huku anachora hewani kwa kidole. Alikuwa anaongea na mwenzake wa Ulaya wanayeshirikiana naye hesabu. Lakini sisi tuliokuwa bondeni tulikuwa tunamwona yeye na mkono wake tu, simu ilikuwa ndogo haionekani.

Nikamuuliza. Nilikuwa mtoto wa kuuliza.

"Baba mdogo, kwani unafanya nini?"

Akakaa kwenye kigoda, magoti yakafika kifuani. "Umewahi kumwona nguruwe pori anayekula mihogo yetu?"

"Sijamwona. Anakuja watu wamelala."

"Lakini unajua yupo."

"Si tunaona alivyochimba!"

"Na baba yako anajuaje kama ni mmoja au ni watatu? Kama ni mkubwa au ni mtoto?"

"Anaangalia nyayo. Na miti ya mihogo ilivyolala."

"Basi na mimi ndiyo hivyo hivyo. Kuna vitu vidogo sana, vumbi kwavyo ni mlima. Ndivyo vimekujenga wewe, na mihogo, na hiki kigoda. Havionekani, na hakuna atakayeviona kwa macho. Wenzangu huko Ulaya wamechimba handaki la mviringo, wanavikimbiza humo vinagongana, halafu wanaangalia miti imelalaje. Mimi sigongi kitu. Mimi nakaa napiga hesabu: kama nguruwe ni wa aina hii, miti italala hivi. Wakikuta imelala vingine, najua nguruwe wangu hayupo."

"Ukijua hayupo unafanya nini?"

"Nafuta. Naanza nguruwe mwingine."

"Umeshafuta mara ngapi?"

Akacheka. "Huyu mmoja nipo naye mwaka wa sita."

Mtu mwingine hapo angeshika lile la vitu vidogo vilivyotujenga. Mimi nilishika kwamba baba mdogo ana miaka sita anafuta. Sikumwambia mtu. Niliona ni siri ya aibu, kama mtu mzima anayekojoa kitandani.

Shuleni siri haikai. Msichana mmoja aitwaye Spesioza, ambaye baba yake alikuwa na ng'ombe wawili na hivyo alikuwa na haki ya kusema chochote, alinisimamisha kwenye foleni ya uji. "Baba yako mdogo anakula ndizi za mama yake bure. Mama yangu anasema hajui hata jembe linashikwa upande gani. Mvivu!"

Neno hilo kwetu ni zito. Mwizi anaweza kusamehewa kama aliiba kwa njaa. Mvivu hana anayemtetea. Nikaona sura ya baba mdogo, magoti yake kifuani, ananieleza habari za nguruwe kama vile mimi ni mtu mzima mwenzake, na nikasema la kwanza lililonijia.

"Si mvivu. Anaumwa."

Spesioza akanipisha kwenye foleni. Ukweli wa Mungu, akanipisha! Akasema, "Pole." Na mimi nikagundua nimepata dawa. Kuumwa hakuna aibu. Mgonjwa anaweza kukaa ndani mchana kutwa, anaweza kutembea bila jembe, anaweza kucheka peke yake kilimani, na watu watasema Mungu amsaidie.

Jumapili ya wiki ile, habari zikiwa zimeshatoka shuleni, uji ukaanza kuja. Kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Wa kwanza alikuwa Mama Koleta, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, mwanamke mwenye sauti ya kuita mbuzi, ambaye siku ile alikuja ananong'ona. Alileta chupa ya uji wa ulezi na mayai manne kwenye kanga.

"Pole, Fulgensi."

"Asante, mama. Tunaendelea."

"Usingizi unapata?"

"Kidogo sana," akasema baba mdogo, ameguswa kwamba kuna mtu anamuuliza habari za kazi. "Kuna kitu kimoja kimenipotea, wiki ya tatu sasa. Usiku kucha nakitafuta humu kichwani, sikioni."

Mama Koleta akanigeukia na macho yamejaa maji. Mimi nikatikisa kichwa polepole, kama muuguzi wa zamu.

Nilimsindikiza mpaka njiani nikamwambia ni kweli anaumwa, ila asimwambie mtu wa nyumbani kwetu, hata bibi, maana daktari amekataza mgonjwa asijue. Kila aliyekuja nilimpa sharti hilo hilo. Walikuja wengi. Kiongozi wa watu wa machela, wale waliokuwa wakibeba wagonjwa mabegani mpaka hospitali, alikuja akamtazama baba mdogo kwa jicho la kupima, kuanzia kisogo hadi visigino, kisha akaniuliza pembeni kama nadhani watatosha watu wanne au waitwe sita. Nikasema sita. Baba mdogo alimwambia bibi kwamba alikuwa amesahau watu wa nyumbani walivyo na upendo. Bibi akadhani ni heshima kwa msomi wake, akawa anatembea na ile nyonga yake kama askofu. Na mayai, kwa kuwa mgonjwa hakuwa na hamu nayo, nilikula mimi.

Sasa nije kwa Mwalimu Leokadia, hapa ndipo ninapopunguza mwendo.

Chaki zilimwishia baba mdogo, akaenda kuomba shuleni kwetu. Mwalimu Leokadia alitufundisha hisabati. Alikuwa mtu wa Biharamulo, kwao Nyamahanga, mwembamba, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja ukimpa jibu la uongo. Alimpa vipande kumi akamwambia chaki ni mali ya shule, kwa hiyo atakuja mwenyewe aone zinatumika kwa nini. Baba mdogo akadhani ni utani. Jumamosi akaja.

Alisimama mbele ya ukuta ule muda mrefu. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele, nusu kazi, nusu udaku. Hakusema "du!" kama wengine. Hakuuliza hii maana yake nini. Alianza juu kushoto, akashuka taratibu, mstari kwa mstari, kidole hewani, kama anavyosahihisha daftari. Kisha akasema:

"Mimi haya madude yako siyajui. Lakini mstari huu wa tano hapa mbele kuna alama ya kutoa. Huu wa sita haipo. Imekwenda wapi?"

Baba mdogo akasogea. Akatazama. Akaweka mkono mdomoni.

Kilichofuata sijawahi kukiona kwa mtu mzima mwingine yeyote. Alikaa sakafuni. Akacheka mpaka machozi, akasema, "Wiki tatu! Mwalimu, wiki tatu!" Leokadia naye akaanza kucheka, bila kujua sawasawa anacheka nini, akasema, "Darasani kwangu ungepiga magoti." Alama moja ya kutoa. Baba mdogo alimwandalia chai mwenyewe, ikamwagika. Toka siku ile Leokadia alikuja kila Jumamosi, akakaa kwenye kile kigoda, anakagua alama. Baba mdogo aliniambia kazi yake asilimia kubwa ni kukosea, na mtu anayeweza kukuonyesha ulipokosea bila kukudharau hapatikani hata huko kwenye mahandaki.

Maharage yalipokomaa, mshenga alitumwa Nyamahanga kumposa Leokadia. Alikuwa katekista wetu, mtu mpole wa baiskeli. Alirudi na habari njema: wazee wamepokea, wamesema watafikiri. Kufikiri maana yake kila mtu anaijua. Familia ya binti inatuma mtu wake kimya kimya kuja kuulizia. Hafiki nyumbani kwenu. Anapita sokoni, kisimani, njia panda, anauliza kama kwenu mnalala na njaa, kama mnapigana, kama kuna ugonjwa. Na mtu mjanja huuliza watoto.

Alikuja siku ya Alhamisi. Nilikuwa kisimani na dumu langu. Mama wa makamo, kitenge kipya, viatu vya plastiki vyenye vumbi la safari, akaomba maji ya kunywa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Wewe ni wa nyumba gani?"

Alisema kwa Kiswahili, maana Kihangaza chetu hakukijua, na hilo ndilo lililoniponza. Nyumbani Kiswahili hatukuongea. Kilikuwa cha darasani na sokoni, na darasani tulifundishwa kujibu kwa sentensi ndefu, tukisimama wima. Nikasimama wima. Nilitaka asikie.

"Mimi ni wa nyumba ile yenye migomba mingi, ambayo ni ya bibi yangu."

"Ahaa! Kumbe ni kwa yule msomi aliyetoka Ulaya. Tunamsikia. Yeye anafanya kazi gani pale nyumbani?"

Nilifikiria haraka. Nikisema hafanyi kitu, huyu mgeni ataondoka na neno la uvivu mpaka huko anakotoka. Nikisema anatafuta nguruwe asiyeonekana, itakuwa mbaya zaidi.

"Baba yangu mdogo hafanyi kazi kwa sababu yeye ni mgonjwa."

"Maskini! Anaumwa nini?"

"Anaumwa kichwa."

"Kichwa kinamgonga?"

"Hapana, bibi. Hakimgongi. Kinaumwa chenyewe. Yeye huongea na ukuta, halafu hupanda mlimani kuongea peke yake."

Akaweka kikombe chini. Aliuliza kwa upole mkubwa, naweza kuisikia ile sauti hata sasa ninapoandika. "Na ilimwanza huko Ulaya, au?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimeshapata raha ya kusikilizwa, na kichwani mwangu ugonjwa wa kujitafutia ulikuwa unafanana na kosa, kama wa mlevi. Ugonjwa wa heshima ni ule wa kuzaliwa nao, ambao si kosa la mtu yeyote. Nikampa baba mdogo ugonjwa wa heshima.

"Ni wa ukoo wetu. Hata babu alikuwa nao."

Babu alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye mti wa parachichi, akili zake timamu kabisa isipokuwa zile za kupanda parachichi akiwa na miaka sabini.

"Unaongea Kiswahili kizuri, mwanangu," akasema yule mama. Alinipa pipi. Niliila njiani.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi. Katekista alikataa kukaa. Alisimama uani, ameshika kofia, akasema wazee wa Nyamahanga wanashukuru sana, ila binti yao bado anataka kujiendeleza na masomo. Baba mdogo akamwambia, "Katekista, wewe ni mtu wa Mungu, sema." Ndipo akasema. Wamesikia kwamba ukoo wetu una ugonjwa wa akili unaorithiwa. Wamesikia kutoka hapa hapa. Nani? Hawakutaja jina, wamesema tu ni mtu wa karibu anayeona kila siku.

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Sikuliangusha, watu wa hadithi ndio huangusha sinia. Nililipeleka mezani, nikamimina vikombe vitatu, nikaweka sukari, nikaenda kukaa nyuma ya choo mpaka katekista alipoondoka.

Jumamosi Leokadia alikuja kwa mara ya mwisho. Hakukaa kwenye kigoda. Mimi nilikuwa pale pale mlangoni, na ndiyo maana siwezi kusema kwamba sikujua.

"Mimi najua huumwi," alimwambia. "Nimemwambia baba mpaka sauti ikakauka. Anasema mimi nitazaa watoto wa namna gani. Mama analia tu."

"Nani kasema maneno haya? Nikimjua huyo mtu nitakwenda naye Nyamahanga kesho, aseme mbele yao kwamba amekosea."

"Shangazi aliyetumwa hataki kumtaja. Anasema hawezi kumponza aliyemwambia. Fulgensi, ningekuwa na neno moja tu la kuwapelekea. Moja."

Neno hilo nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa kinywani kwangu, hatua mbili kutoka walipokuwa wamesimama. Wote wawili hawakuwahi hata kunipiga kofi. Baba mdogo angeweza kupanda nami basi kesho yake, ningesimama wima mbele ya wazee wale, ningesema kwa sentensi ndefu, na mambo yangekwisha. Nikachambua mchele. Nilitoa mawe matatu, nakumbuka, na moja lilikuwa si jiwe bali mchele mweusi. Watu huniambia mtoto wa miaka tisa hana hatia ya alichosema kisimani, na mimi nakubali, kile cha kisimani nimeshajisamehe. Ni ule mchele.

Leokadia aliuaga ukuta kabla ya kumuaga yeye. Aliupitia tena kuanzia juu, akasema, "Alama zote zipo." Muhula ulipoisha akahamia shule ya kwao Biharamulo.

Bibi hakuwa mtu wa kukaa na uchungu bila kuutafutia mwenyewe. Mtu wa karibu anayeona kila siku? Alivuka njia na fimbo yake, nikimfuata, akamkuta Mama Koleta anaanika mtama.

"Kumbe ule uji wako! Ulikuwa unakuja kumhesabu mwanangu mgonjwa!"

"Mama, niliambiwa anaumwa."

"Na nani? Sema! Na nani?"

Mama Koleta akanitazama. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilivihesabu, vilikuwa kumi.

"Nilisikia tu," akasema Mama Koleta.

Bibi hakumsalimia tena mpaka alipokufa. Miaka yote hiyo, njia moja, kisima kimoja, benchi moja kanisani. Bibi alikuwa akihama benchi.

Baba mdogo aliondoka kabla ya mvua kubwa. Hakuufuta ukuta. Baada ya mwaka mmoja aliandika barua kwamba ile hesabu imekamilika, imechapishwa na jina lake na la mwenzake, na kwamba wale wa handakini wameangalia na miti haikulala vile. Nguruwe hayupo. Aliandika hivyo kwa utani, ili nicheke. Hajaoa. Anafundisha huko, anafuta huko, na kila Krismasi anapiga simu kuuliza kama nasoma. Sasa ameacha kuuliza hilo, maana kidato cha nne hisabati niliikosa kwa alama ambazo hata Leokadia asingeziona kwa kuinamisha kichwa.

Kuna nyumba pia. Wakati mshenga anakwenda Nyamahanga, baba mdogo alikuwa ameshachimba msingi upande wa juu wa shamba, vyumba vitatu, madirisha mapana kwa ajili ya mtu wa kusahihisha madaftari. Baba yangu aliimalizia taratibu kwa maelekezo ya barua, na ilipopata bati, barua ikaja: "Mpeni yule mtoto. Ndiye peke yake aliyeniuliza ninafanya nini." Nimeishi humo tangu nilipomaliza shule. Sijawahi kwenda mbali zaidi ya Ngara mjini, na hata huko hurudi kwa bodaboda ya kwanza. Wanangu wamezaliwa humo. Madirisha ni mazuri kweli.

Baada ya ile siku ya betri kigangoni sikulala vizuri, na asubuhi nikavuka njia. Mama Koleta sasa ni mzee, macho yamefifia, lakini sauti ya mbuzi bado anayo. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa, nikachukua gunzi, nikamweleza yote. Spesioza, mayai, kisima, pipi, mchele. Sikuacha kitu. Nililia kidogo pale palipofaa. Yeye alikuwa anapukuchua tu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Mimi nilijua siku ile ile bibi yako aliponijia na fimbo. Nani mwingine aliniambia Fulgensi anaumwa kama si wewe?"

"Sasa mbona hukunitaja?"

"Ungepigwa ukavunjika. Nikasema atakua, atasema mwenyewe. Haya, umekua. Umekuja kuniambia mimi. Fulgensi je?"

Nikamweleza kwamba nimejaribu. Kwamba kila Krismasi nashika simu nikiwa nimejipanga, na nikisikia sauti yake namuuliza habari za baridi. Kwamba naogopa atakavyoumia, mtu wa umri wake, yuko peke yake huko, na labda ni huruma zaidi kumwacha asijue.

Mama Koleta akatupa gunzi kwenye kapu. Akageuza uso upande wa juu wa shamba letu, ambako bati lilikuwa linawaka jua.

"Wewe huogopi kumwambia Fulgensi," akasema. "Unaogopa kuhama."